Jani la Isale Juu ya Korongo

Katika miaka ile ambayo Kilimanjaro ilikuwa na wamangi wengi kuliko vijito, na kila mangi akiwa na mpaka wake, mashujaa wake na kinyongo chake, nchi ya Nsangara na nchi ya Kirumwe zilitenganishwa na korongo moja refu na kuunganishwa na mfereji mmoja wa maji. Mfereji ulianzia juu msituni, ukagawanywa kwa mawe, nusu huku na nusu kule. Mlinzi wa mawe hayo alikuwa Orio wa Nsangara, mtu mrefu, mchache wa maneno na mwepesi wa hasira.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Orio alimkuta Lekule, mdogo wake Mangi wa Kirumwe, akisogeza mawe ili maji yote yaende kwao. Walitukanana kidogo, kisha Orio akainua fimbo. Alikusudia bega, au ndivyo alivyosema baadaye, lakini fimbo ilitua jichoni, na Lekule akabaki na jicho moja.

Mangi wa Kirumwe akatoa siku tatu. Orio alete jani la isale, mmea wa kuombea radhi, kwa mkono wake mwenyewe, la sivyo jua la siku ya tatu likizama pembe ya vita italia. Kila mtu wa mlimani aliijua sheria ya jani hilo. Lichumwe juu ya makaburi ya ukoo wa mkosaji, liwe moja tu, lifike likiwa bichi, na lisiguse ardhi mpaka aliyekosewa alipokee kwa mkono wake. Likianguka, msamaha umekufa.

Shida ilikuwa njia. Vijana wa Kirumwe waliokuwa wakilinda vivuko vya korongo walitaka vita, kwa kuwa ng'ombe wa Nsangara walikuwa wamenona. Mara mbili Orio alijaribu kuvuka, na mara mbili mishale ilimrudisha. Wakati huo mkewe Ndeshi na mtoto wao mchanga walikuwa tayari wamejificha katika mahandaki chini ya migomba, pamoja na nusu ya kijiji. Watu wa Kirumwe walijua kuwasha moto kwenye midomo ya mahandaki. Orio alikuwa ameona jambo hilo likifanywa kwingine, na lilimnyima usingizi.

Ilibaki njia moja, kupanda hadi juu ya kichwa cha korongo, kule kwenye mawe matupu na theluji, na kushukia upande wa pili. Aliyeijua njia hiyo alikuwa mmoja tu katika Nsangara, naye alikuwa Mkunde, mzaliwa wa Kirumwe, mchuuzi wa magadi, ambaye enzi za usichana wake alimfuata baba yake mwindaji mpaka huko. Tena Mkunde ndiye aliyemzaa Ndeshi. Alikuwa mkwe wake Orio.

Hapo ndipo msafara ulipokuwa na kituko chake. Kwa desturi yao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, wala hamsogelei hatua kumi, na mama mkwe hamtangulii mkwewe njiani. Kwa hiyo alfajiri ya siku ya tatu, walipotoka katika pango la juu ya msitu walimolala kila mmoja kwenye pembe yake, kiongozi wa njia alitembea nyuma, na asiyeijua njia akatembea mbele.

"Mkwe, shika kushoto!" Mkunde alipaza sauti.

"Nimesikia, mama."

"Kushoto, nimesema! Hiyo ni kulia. Ndeshi alinificha mambo mengi kuhusu wewe."

Orio alivaa joho la ngozi za pimbi lililoshonwa na babu yake. Mkono wake wa kulia ulishika fimbo. Wa kushoto ulishika jani, ukiwa umefichwa ndani ya joho, chini ya kwapa, mahali penye joto. Mkunde ndiye aliyemwelekeza hivyo. Alimwambia kuwa juu kule sakitu hubabua majani mpaka yanakuwa meusi kama yaliyopikwa, na mtu haendi kuomba msamaha na mboga.

Walipanda. Miti iliisha, vichaka vikaisha, yakabaki mawe na majani makavu yaliyovunjika chini ya ndara zao za ngozi. Pumzi ilianza kuwa fupi. Orio alihesabu hatua hamsini, akasimama, akahesabu nyingine hamsini. Kichwa kilimgonga, na kila aliposimama alimwona mtoto wake ndani ya handaki, akaendelea. Nyuma yake Mkunde, aliyemzidi umri kwa miaka ishirini, alipanda polepole bila kusimama hata mara moja, na jambo hilo lilimuudhi Orio kuliko baridi.

Kabla ya adhuhuri ukungu ulishuka, na upepo ukaja nao. Theluji nyembamba ikaanza kupiga kwa ubavu.

"Kulia sasa!" Mkunde aliita. "Zunguka jiwe! Usinyooke mbele!"

Upepo ulikuwa na kelele zake. Orio hakusikia neno, na kwa adabu hakugeuka nyuma kuuliza, kwa kuwa kugeuka kungekuwa kumtazama. Akanyooka mbele, mtu mzima na akili zake, akaingia kwenye mteremko wa barafu.

Miguu ilimtoka. Fimbo ikaruka, ikateleza chini na kupotelea ukunguni, na haikusikika ikifika popote. Orio aliteleza kwa tumbo, mkono wa kushoto ukiwa bado umebana kwapani. Angeutoa, angeshika kwa mikono yote miwili. Hakuutoa. Vidole vya kulia vilipata ufa katika barafu, vikaingia, vikashika, naye akaning'inia hapo.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kwanza vidole viliuma, kisha vikaungua, kisha havikumwambia kitu tena. Aliogopa sana, wala hakuona aibu kuogopa. Juu yake alisikia mawe yakibingirika, na sauti ya Mkunde ikija karibu, karibu kupita kiasi.

"Usisogee, mama," alisema. "Hatua kumi."

"Nyamaza!" Mkunde alikuwa amejilaza juu ya mawe na kufungua mshipi wake wa ngozi. Aliushusha, lakini mkono wa Orio haukuweza kuachia ufa ili kuushika. Akautupa mshipi pembeni, akajivuta chini zaidi, akamkamata mkwewe kwa kifundo cha mkono, ngozi kwa ngozi. "Leo hakuna mkwe hapa. Sukuma kwa miguu! Mwanangu yuko ardhini kama panya, na wewe unanihesabia hatua!"

Alimvuta mpaka kwenye mawe, wakalala hapo wakihema. Orio akafungua joho kwa meno. Jani lilikuwa bichi. Ndipo alipoutazama mkono wa kulia, akaona vidole vyeupe kama nta, vigumu, visivyokunjika. Mkunde aliviona pia. Akainuka, akatangulia mbele, na tangu hapo Orio alifuata mgongo wake hatua kwa hatua.

Walizunguka kichwa cha korongo jua likiwa limeanza kuinama, wakashuka wakikimbia palipokimbilika. Msituni Orio alianguka mara tatu, kila mara akiangukia bega la kulia ili mkono wa kushoto ubaki salama. Walipotokea kwenye migomba ya Kirumwe walisikia ngoma. Walinzi wote walikuwa chini kwenye vivuko, na juu hapakuwa na mtu wa kuwazuia isipokuwa wanawake waliobeba majani ya ng'ombe, nao walimtambua Mkunde, wakapisha.

Uwanja wa Mangi ulijaa mashujaa wenye ngao na mapambo ya manyoya ya mbuni. Mpiga pembe alikuwa ameshaisimamisha pembe begani. Orio akapita katikati yao, joho limechanika, midomo imepasuka, akasimama mbele ya Lekule aliyefungwa ngozi kwenye jicho.

"Nimekuja," alisema. "Nilikupiga kwa hasira. Naomba radhi mbele ya ndugu yako na mbele ya wafu wangu."

"Toa," alisema Mangi.

Isale hutolewa kwa mkono wa kulia. Kuitoa kwa kushoto ni tusi jipya juu ya tusi la zamani. Orio alilipeleka jani kwenye mkono wa kulia, na vidole vikakataa kukunjika. Akajaribu tena. Mashujaa wakaanza kunong'ona. Mkunde, pembeni, alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mkono uliokupiga ndio huu," Orio alisema. "Haushiki tena."

Akalilaza jani juu ya kiganja, akakinyoosha kiganja mbele. Jani likateleza, likapinduka, likaanza kuanguka.

Lekule alilidaka likiwa limebakisha shubiri moja kufika chini.

Lekule alilitazama jani mkononi mwake kama mtu asiyejua limefikaje hapo.

"Limepokelewa," alisema Mangi, na mpiga pembe akaishusha pembe.

Baadaye watu walimwuliza Lekule kama alikusudia. Alijibu kwamba alikuwa ameamua kuliacha lianguke, na kwamba mkono wake haukumwuliza.

Orio alipoteza vidole vitatu. Kiangazi kilichofuata Lekule alipanda hadi kwenye mawe ya mfereji, akaketi upande wa pili, na wale wawili wakabishana juu ya maji mpaka uzeeni, mmoja haoni vizuri kimo cha maji, mwingine hawezi kushika jembe. Hakuna aliyesogeza jiwe.

Na Mkunde alirudia desturi yake. Orio hakumtazama tena usoni, walikaa umbali wa hatua kumi, na wakienda sokoni mama alitembea nyuma ya mkwewe kama inavyopasa. Lakini njia ilipoanza kupanda, Orio alisimama pembeni bila kuambiwa, akainamisha macho, akampisha apite mbele.