Kilio Baada ya Matanga

Harufu ndiyo iliyotangulia: majivu yaliyomwagiwa maji, ndani ya nyumba ambayo haikuwa na moto. Néhémie alifungua dirisha, akajiambia ni jirani anapika, akaongeza sauti ya spika.

Kazi yake hapo Baraka, mji wa kando ya ziwa, ilikuwa kuchaji simu za watu na kuwajazia nyimbo. Mteja mmoja alimwachia kadi yenye albamu ya ajabu ya Wazungu wa nchi za barafu: magitaa yanayovuma kama mvua juu ya mabati, ngoma za mbio, na mwanamume anayepiga ukelele kana kwamba amefungiwa chumba kimoja na maiti wake. Wengine walicheka. Néhémie aliposikia mara ya kwanza, alikaa chini. Mkewe Pulchérie alipofariki hakutoa hata chozi. Wanaume walikuwa wanamtazama, akajikaza. Sasa huyu mgeni alimlilia kwa niaba yake, bila haya, na kila wimbo ulipoisha kifua chake kilikuwa chepesi. Tuseme kweli, ulikuwa muziki mzuri.

Lakini matanga yalikwisha kuondolewa. Moto wa waombolezaji ulizimwa kwa maji, mkeka wao ukakunjwa, nyumba ikafagiwa, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kupiga kilio ndani. Néhémie hakufikiria kwamba hata spika ina mdomo.

Alasiri moja, katikati ya wimbo wa nne, iliingia sauti ya pili, ya kike. Alizima. Ile ya kike ikaendelea kidogo nyuma ya pazia la chumba cha kulala, kisha ikanyamaza.

"Papa," binti yake Vanessa alinong'ona, "mama iko analia na ule muntu."

Kesho yake mtoto aliamka na homa kali, na mkeka wa matanga ulikuwa umetandikwa sebuleni, bila mtu kuutandika. Mwanahamisi, mganga wa mtaa wa ziwani, alifukiza ubani, akasikiliza pazia kwa muda mrefu.

"Ule haiko bibi yako Pulchérie," alisema polepole. "Ni jini. Batu balimaliza matanga, we ukafungula ingine, na maiti hakuna. Iko nangoja maiti. Futa nyimbo yote, kisha uende ulie ku ziwa na kinywa yako mwenyewe. Humu nyumbani, hapana."

Néhémie alifuta. Alilia ufukweni mpaka sauti ikamkauka. Homa ikashuka, harufu ikatoweka.

Lakini alikuwa amebakisha wimbo mmoja tu, wa mwisho, ule ambao yule mtu anachoka kulia na gitaa linabaki peke yake. Moyo wake ulikataa kuufuta. Jumapili, Vanessa akiwa kwa jirani, aliupiga chini chini, akafumba macho, na gitaa lilipobaki peke yake harufu ya majivu ikapanda tena, nzito, ikamjaa puani na kooni, akageuka, akaona mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka Vanessa amelala chali, mikono imenyooshwa, amefunikwa kitenge cha mama yake mpaka kidevuni, namna ambayo hakuna mtoto anayejifunika mwenyewe.

"Mama anasema nisitikisike," alinong'ona. "Batu beko nakuya kunililia."

Néhémie alifungua kinywa apige ukelele, akakumbuka maneno ya mganga, akakiziba kwa mikono miwili.

Nyuma ya pazia, mtu akaupiga ukelele huo kwa niaba yake.