Anayepandisha Kiti

Jumatatu asubuhi Adelina alikuta kiti cha baiskeli ya mazoezi kimepandishwa juu kabisa. Alipokigusa kilikuwa na joto, kama mtu ameshuka sasa hivi.

Nyumba yao ya Chang'ombe ilikuwa na watu watatu tu: yeye, mumewe Kamugisha, na wifi yake Vaileth, binti aliyekuwa akisomea ualimu. Kamugisha alishaondoka kwenda kazini Kurasini. Adelina akamtazama wifi yake kwa jicho la pembeni, akakishusha kiti kimya kimya.

Adelina mwenyewe alikuwa mwalimu; goti lake lilivunjika kwenye ajali ya bodaboda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia, "Dakika ishirini kwa siku, mwalimu, taratibu. Milima bado." Akampa video ya kuangalia kwenye televisheni ya sebuleni akiendesha: barabara ya milima ya Ulaya inayoteremka mwanzo mwisho, theluji juu, misonobari pembeni. Adelina aliipenda. Akiiangalia, maumivu yalikuwa yanapungua.

Jumanne kiti kilikuwa juu tena. Na kwenye kona ya kwanza ya barabara ile ya kwenye video alisimama mtu mrefu, amempa mgongo. Adelina hakukumbuka kumwona. Jumatano mtu yule alikuwa kona ya pili. Alhamisi, kona ya tatu, alikuwa ameanza kugeuka.

"Vaileth, unaipandaga baiskeli yangu?"

"Mie? Hapana, wifi."

"Na video umeibadilisha?"

"Hata rimoti siigusi."

Hakumwamini. Ijumaa alipotoka kliniki alikuta pedali zinazunguka polepole, sebule ina baridi na harufu ya majani mabichi, na nyayo kubwa zenye maji zimeelekea chumbani kwa Vaileth. Akajua binti anaingiza mwanamume.

"Kusanya vitu vyako," alimwambia. "Kaka yako nitamweleza mwenyewe."

Vaileth alilia, akaapa, akaenda kwa shangazi yake Mabibo.

Jumamosi mchana Adelina alipanda akiwa peke yake, moyo umetulia, kwa kuwa mwenye makosa ameshaondoka. Lakini kona ya mwisho mtu yule alikuwa amesimama katikati ya barabara akimtazama, hana macho, na Adelina alipotaka kusimama miguu ilikataa, pedali zikawa zinaivuta, zikaenda kasi na kasi zaidi, upepo wa baridi ukampiga usoni kutoka kwenye kioo cha televisheni, goti likawaka moto, na nyuma ya sikio lake pumzi ya mtu ikanong'ona, "Tushuke wote."

Kamugisha alimkuta hivyo. Akachomoa waya wa televisheni, picha haikuzimika. Akamkumbatia mkewe kiunoni, akamnyanyua kwa nguvu, wakaanguka wote sakafuni.

Kamugisha ni mtu wa kanisa, ila jioni ile alikwenda mwenyewe kumleta Maalimu Mfaume, jirani wa mtaa wa pili. Maalimu alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikakauka. Pedali zikapunguza mwendo, zikasimama. Picha ikazimika.

"Ametoka," alisema, akijifuta jasho. "Anatafuta wa kufuatana naye. Kuna mtu wa humu yuko nje?"

"Wifi yangu," Adelina alisema kwa sauti ndogo. "Nilimfukuza. Nilimsingizia."

"Mrudisheni leo. Asiwe peke yake."

Adelina alipiga simu. Vaileth alipokea haraka, sauti imechangamka.

"Vaileth, nisamehe mdogo wangu. Nilikukosea. Nakuja kukuchukua."

Vaileth akacheka kidogo.

"Wifi, acha utani. Si umeshafika? Uko sebuleni na shangazi, mie namalizia kufunga begi." Akashusha sauti. "Halafu nimefurahi, unatembea vizuri kabisa. Hata huchechemei."