Vidonge Vinavyopungua

Chiriku alikuwa akifagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani, kama kila asubuhi kabla ya shule, dada yake alipomshika bega.

"Vidonge vyangu vilikuwa vinne. Mbona viwili?"

"Sijavigusa, dada. Haki ya nani!"

"Humu tumo watatu. Mimi sijiibii, na Bibi haoni hata kutunga uzi kwenye sindano. Mwizi nani?"

Chiriku, msemaji kuliko redio, aliapa tena na tena. Vilikuwa vidonge vya fangasi, alivyoandikiwa dada zahanati kwa muwasho ukeni. Huingizwa huko huko ukeni, kimoja kila siku mpaka viishe. Visipotimia, muwasho hurudi.

Siku nzima alimshuku kila mtu: mteja wa magauni, jirani, hata paka. Aliporudi kutoka shule, alijibanza nyuma ya nguo zilizotundikwa, pumzi kaibana. Pazia likatikisika. Bibi akaingia kwa kunyata, akavuta mtoto wa meza, akatia kidonge cha dada mdomoni.

"Bibi! Kumbe ni wewe?"

"Shh, mjukuu wangu! Mdomo una utando mweupe, hata maji yananichoma. Nikasikia ni dawa ya fangasi. Fangasi si fangasi tu? Niliona haya kusema." Akajifuta midomo. Leso ikaloa damu. "Usimwambie mtu."

"Siwezi, Bibi. Hiyo ni damu!"

Chiriku akamwita dada, wakampeleka Bibi zahanati.

"Unatumia dawa gani nyingine?" muuguzi aliuliza.

"Ya moyo. Ya kuzuia damu isigande."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Dawa kadhaa za fangasi hazipatani kabisa na hiyo. Ungeendelea, ungevuja damu hata tumboni."

Bibi alipimwa damu, akalazwa siku mbili, akapewa dawa ya mdomo inayomfaa.

"Nisamehe, mdogo wangu," dada alisema. "Nilikuita mwizi bila ushahidi."

"Nimekusamehe. Ila mvi si hati ya uaminifu!"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

Muuguzi akampa dada vidonge vipya. "Maliza vyote, hata muwasho ukikoma. Nanyi nyote sikieni: dawa ya mwenzio si yako, hata ugonjwa ufanane jina. Mdomo, tumbo, uke, vyote ni mwili. Kuugua si aibu. Semeni mapema, tuwatibu."

"Nitasema," Bibi akaitikia, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka nje.