Blanketi la Hafia

Saa moja kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumapili, mzee Onufri, mgonga kengele wa kanisa, alivuta kamba na kengele haikulia. Alipanda mnara wa mbao akakuta ulimi wa kengele, chuma kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, haupo. Saa sita kengele ilitakiwa kumlilia Lukyan, mwana wa Hafia, aliyepotea vitani. Barua ya mwenzake ilisema alimwona akianguka. Mwili haukuletwa.

“Watasema nimeuuza,” alimwambia Yavdokha, mtunza makumbusho ya kijiji.

“Ufunguo wa mnara unautundika wapi?”

“Nyuma ya mlango wa kanisa.”

“Basi kijiji kizima kinao. Nishikie ngazi.”

Mkanda wa ngozi ulioshikilia ulimi haukukatwa. Ulifunguliwa fundo baada ya fundo, ukatundikwa msumarini. Kwenye kipago cha nne cha ngazi, kilichooza, palinasa sufu ya kondoo.

Watu walimtaja Tanasi, mwenye nyumba ya wageni, aliyezoea kulalamika kwamba kengele inawaamsha wateja wake. Yavdokha alimkuta anakanda unga wa mahindi kwa mkate wa malai.

“Shangazi, nitazame vizuri,” Tanasi alisema akipapasa tumbo. “Kipago kile kinibebe mimi? Mngenikuta chini ya mnara, mngegonga kengele kwa ajili yangu.”

Kweli. Kipago hakikuvunjika.

Yavdokha akafungua daftari la historia ya kijiji. Mwaka 1916 askari walichukua kengele wakaiyeyushe kutengenezea mizinga. Ulimi hawakuupata: wanawake waliufunga katika blanketi, wakauzamisha kwenye bwawa la kufulia mablanketi, chini ya kinu cha maji. Alhamisi mtu mmoja tu aliliomba daftari hilo. Hafia, akitafuta picha ya harusi ya bibi yake.

Saa nne na robo alimkuta bwawani.

“Leo Jumapili, Hafia. Tangu lini tunafua Jumapili?”

“Blanketi limechafuka.”

“Maji yanazunguka, blanketi limetulia. Lina nini ndani?”

Hafia akakaa juu ya jiwe. “Hapa kwetu mtu hajafa mpaka kengele ilie. Wewe mwenyewe, mumeo Semen ulimpakulia chakula mpaka ilipolia.”

“Nilimpakulia. Sahani yake niliiondoa jioni ile.”

“Ya Lukyan bado iko mezani.”

Yavdokha akatazama upande wa kanisa. “Huko juu wanamwita Onufri mwizi.”

“Onufri?” Hafia hakuwa amelifikiria hilo. “Ndiye aliyemfundisha mwanangu kuvuta kamba.” Akajifuta mikono kwenye aproni. “Kawaambie ni mimi. Waniite wapendavyo. Ila wasigonge.”

Saa sita uwanja wa kanisa ulijaa. Yavdokha alisimama mbele ya padri. “Onufri hana kosa. Ulimi anao Hafia. Siku atakapouleta mwenyewe, ndipo kengele italia.”

Padri akautazama mnara, kisha akafunga ukurasa wa sala za marehemu, akapekua nyuma taratibu mpaka alipozipata sala za kuwaombea walio safarini.