Jina la Seremala

Saa nane mchana jua lilikuwa limeshazama, kama kawaida ya majira ya baridi kaskazini ya dunia, na Saimaniq alitoka hemani na shoka kwenda kukata barafu ya chai. Barafu ya bahari ina chumvi, hata mbwa anaikataa. Ilibidi afike kwenye mlima wa barafu ya maji matamu uliokwama magharibi ya kambi, mwendo wa robo saa. Alikwenda akisonya njia nzima.

Hasira yake ilikuwa ya miaka kumi na tisa. Tangu wazungu waanze kuja kutafuta meli ya zamani iliyopotea na mabaharia wake, yeye ndiye mkalimani na mpishi wao, na kila mwaka aliwaambia jambo lilelile: meli ilizama magharibi, nyuma ya kisiwa kile kidogo. Mama wa bibi yake aliiona kwa macho yake ikizama. Kila mwaka waliitikia kwa vichwa, wakaandika daftarini "masimulizi", kisha wakaenda kutafuta mashariki. Safari hii alikuwa Dakta Hollis, na mashine yake ya kunusa chuma. Kesho ndege ingewachukua na msako ungefungwa moja kwa moja. Hollis alikuwa ameshahamia kambi ya mashariki, akamwachia redio na sufuria chafu.

Redio hiyo alikuwa na sababu yake ya kuikalia karibu. Kijijini, binti yake Leetia alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto angepewa jina la Uyaraq, marehemu mume wa Saimaniq, aliyezama na mbwa wake vuli iliyopita. Na kwa watu wao jina si la kuitia tu. Anayelibeba ndiye marehemu mwenyewe aliyerudi. Leetia angemwita mwanawe "baba", na Saimaniq angempakata na kumwambia, "Karibu nyumbani, mume wangu." Alikuwa ameshamshonea viatu.

Aliinua shoka mara ya tatu, akasikia.

Krik... krik...

Nyayo. Viatu vya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, havipigi kelele. Hivi vilikuwa na misumari.

"Dakta?"

Ikaja harufu. Tumbaku kwanza, na nyuma yake harufu ya ngozi iliyochemshwa, kama mtu amepika kiatu.

Harufu hiyo ilikuwa ya kisa alichokijua tangu utotoni. Mama wa bibi yake na watu wake waliwakuta mabaharia wale wakitembea kwa njaa, hata viatu wamechemsha wakala, wakawapa sili mmoja. Kulipopambazuka watu wake wakaondoka kimyakimya, maana wageni walikuwa wengi na nyama ilikuwa kidogo. Baharia mmoja aliwafuata akijipiga kifua na kutaja jina lake, angalau walichukue hilo. Mama wa bibi yake aliziba masikio.

"Jina lile halikupata mtoto," Shangazi Aaluk alipenda kusema. "Bado linatafuta. Ukilisikia, limeze. Usilitamke penye mimba."

Sasa mtu alisimama hatua kumi kutoka kwake. Mrefu, koti la kitambaa, midomo myeusi. Hakuna mvuke uliotoka kinywani mwake.

"Sina nyama," Saimaniq alinong'ona.

Hakutaka nyama. Alijipiga kifua.

"Obed Larkin."

Tena. Mara ya tatu sauti ilitoka karibu na sikio lake, ingawa miguu haikuwa imesogea. Kisha akanyoosha mkono... magharibi, kwenye kisiwa kile.

Saimaniq alikimbia. Shoka alilitupa hukohuko.

Redio ilikuwa inaita alipoingia. Alidhani ni kijijini. Alikuwa Hollis.

"Mama Saimaniq, fungasha vitu. Kesho saa nne ndege."

"Dakta, nisikilize. Meli ipo magharibi. Nina hakika."

"Mama, tumeshaongea hayo."

"Umeongea wewe! Mimi nimesikiliza!"

Hollis alicheka, kile kicheko chake cha upole anachowachekea wazee. "Hadithi za bibi ni tamu, mama. Lakini hazina jina, hazina tarehe. Niletee hata jina moja tu, nitageuza ndege."

Saimaniq aliishika redio kwa mikono miwili. Miaka kumi na tisa ya kuambiwa kwamba macho ya wazee wake si macho.

"Jina? Unataka jina? Angalia orodha yako ya mabaharia! Obed Larkin!"

Papo hapo akajifunika mdomo.

Redio ile haikuwa ya watu wawili. Kila nyumba kijijini ilikuwa ikisikiliza mawimbi hayohayo, na ya Leetia kuliko zote.

Karatasi zilisikika zikipekuliwa. Kisha Hollis akasema polepole: "Seremala wa meli. Mama... orodha hii haijatoka nje ya kabati letu. Nani kakwambia?"

Sauti nyingine iliingia redioni.

"Saimaniq." Ilikuwa sauti ya Shangazi Aaluk, mbali, ikikwaruza. "Umefanya nini, we mtoto?"

"Shangazi! Leetia amejifungua?"

"Sasa hivi tu. Wa kiume. Alitoka kimya, wa bluu, tukakata tamaa. Uliposema lile jina ndipo akavuta pumzi."

"Muite Uyaraq! Mnong'oneze sikioni, Shangazi, nakuomba!"

"Nimemuita. Tumemuita wote." Aaluk alisita. "Hayupo, mwanangu. Mahali pake pana mtu mwingine."

Saimaniq aliketi chini. Alilia kwa sauti, akimlilia mume wake kwa mara ya pili, na safari hii kwa kosa lake mwenyewe.

"Mama Saimaniq?" Hollis aliingilia, furaha imemjaa hata anababaika. "Nakuamini. Unanisikia? Nakuamini! Magharibi, kilomita ngapi?"

Nyuma ya sauti yake, kutoka kijijini, Leetia alipiga ukelele.

"Kuna nini? Shangazi, kuna nini huko?"

"Ananyonya," alisema Aaluk. "Ananyonya kama mwenye njaa ya miaka. Tunamvuta, Saimaniq... haachi."

"Kilomita ngapi, mama?" Hollis aliuliza tena.