Nondo ya Dirisha la Mama

Mimi ni fundi wa bodi. Sijisifu, lakini gari likitoka mikononi mwangu, hata aliyeligonga haoni alipoligonga. Gereji yangu iko uani kwangu mwenyewe: nyumba nyuma, kazi mbele, vumbi la msasa mpaka kwenye chai. Mke wangu alilalamika mpaka akachoka, siku hizi ananiangalia tu.

Jioni ile nilikuwa nafunga niende duka la dawa. Mama yangu ana pumu, tena pumu kaidi, na kile kichupa chake cha kuvuta kilikuwa kimeisha, anakitikisa tu kwa matumaini. Nilishanawa mikono. Nilikuwa nainama kutafuta kandambili ya pili, nikainua kichwa, nikaona gari limesimama uani.

Sikulisikia likiingia. Na geti langu likiguswa tu, mtaa mzima unajua.

Lilikuwa gari la kale, jeusi, taa mbili za duara na katikati yake grili ndefu ya vyuma vilivyosimama wima. Chuma cha katikati hakikuwepo. Akateremka mama mmoja mnene, kavaa sweta, anafuta jasho kwa kiganja. Mtu wa kupishana naye sokoni usimkumbuke. Kwa umri angeweza kumzaa mama yangu.

"Shikamoo," akaniambia.

Nikacheka. "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia wewe."

"Shikamoo," akarudia, akasubiri.

Ungefanya nini? Nikaitika marahaba. Mwili ukanisisimka kidogo, nikasingizia upepo.

"Nataka pengo hilo lizibwe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliye karibu na mgonjwa. "Sasa hivi, baba. Kabla giza halijashika."

"Kesho asubuhi, mama. Nawahi duka la dawa."

"Ni chuma kimoja tu. Fundi kama wewe..."

Hapo ndipo aliponipata. Mimi ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nitakujua, lakini ukinisifia kazi, nimekwisha. Nikawasha taa ya uani nikachungulia lile pengo. Kulikuwa na joto linalotoka ndani, kisha linarudi ndani. Linatoka... linarudi. Nikajiambia ni injini.

"Kiwe chuma cha zamani," akasema mgongoni kwangu. "Kipya hakishiki. Tumeshajaribu. Kiwe kimekaa kwenye nyumba yenye watu."

Mteja mwenye masharti si jambo geni kwangu. Nimewahi kuambiwa nipake rangi kwa mkono wa kushoto. Nikapekua lundo la vyuma chakavu, sikupata unene ule. Na sisi mafundi wa kuungaunga tuna tabia yetu: tukikosa kifaa tunavua huku tunavika kule. Macho yakaenda yenyewe kwenye nyumba, kwenye dirisha la chumba cha mama. Nondo za duara, za zamani, unene uleule. Dirisha lenyewe nilishapanga kulibadilisha mwezi ujao. Nikachukua msumeno.

"Unakata nini hapo?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Kichuma kimoja tu, mama. Kesho nakuwekea kingine."

"Unaniachia pengo?"

"Dogo. Hata paka mwenye njaa hapiti."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka ile filimbi ya kifuani mwake. Nimekua nikiisikia filimbi ile. Nikiwa mdogo ndiyo ilikuwa inanibembeleza, nikiikosa nashtuka usingizini.

"Dawa yangu?"

"Nakuja nayo sasa hivi."

Nilikata nondo, nikaipima, nikailainisha kwa tupa. Ikaingia kwenye lile pengo bila kubishana, kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake. Nikawasha gesi, nikaanza kuchomelea juu. Shaba ya kuungia ikiyeyuka ina harufu yake, naijua. Hii haikuwa harufu hiyo.

Ilikuwa nywele. Nywele zinazoungua.

Ili kuchomelea chini nilitakiwa niishike nondo kwa nyuma. Nikapitisha mkono pembeni ya grili. Fundi yeyote anajua nyuma ya grili kuna rejeta ya kupoza injini. Nikapapasa. Hakuna rejeta. Hakuna feni. Hakuna kitu.

Nikasogeza vidole mbele zaidi.

Kulikuwa na unyevu. Laini... vuguvugu... kama ndani ya shavu la mtu.

Niliuchomoa mkono nikajigonga kiwiko. Yule mama akanitazama kwa huruma kabisa. "Bado upande mmoja, baba. Malizia."

Nikamalizia. Msiniulize kwa nini. Mkono ulikuwa unafanya kazi na mimi nimesimama pembeni nauangalia. Tone la mwisho la shaba likakaa, nikazima moto, uwanja ukawa kimya.

Kisha grili ikapiga filimbi.

Hhhii... hhhii...

Ndefu, nyembamba, inakwama mwishoni kabla ya kurudi. Ndiyo ileile. Niliijua kama ninavyojua jina langu.

"Baba watoto!" Mke wangu alikuwa anaita kutoka chumbani kwa mama.

Nilikimbia. Mama alikuwa amekaa kitandani, mke wangu kamshika mabega. Macho ya mama yalikuwa wazi na yananifuata. Mdomo wazi. Niliweka sikio kifuani: kimya. Niliweka kiganja mbele ya pua yake: hakuna hewa. Lakini alipepesa macho. Alinishika kidole, akakibana kwa nguvu, kama mtu anayening'inia.

"Hapumui," mke wangu akanong'ona. "Hapumui, na yuko hai. Kuna nini?"

Nilitoka, na yeye akanifuata.

Yule mama mnene alikuwa anaifuta grili kwa ncha ya sweta, taratibu, anavyofutwa mtoto kamasi.

"Irudishe," nikamwambia. "Irudishe pumzi ya mama yangu."

"Mimi sijachukua. Umetoa mwenyewe, umepima mwenyewe, umechomelea mwenyewe."

Nikashika bomba la gesi. Akasema, bila haraka, "Ukiing'oa pakabaki wazi, itamwagika. Hutaizoa tena. Ukiitoa, weka nyingine."

"Nitaweka ya stoo."

"Chumba kitupu kina pumzi gani?"

"Ya chumba changu basi. Nichukue mimi."

Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Meno yake yalikuwa machache. "Nyote mnaniambia hivyo. Anachukuliwa aliye ndani ya chumba, baba. Na fundi yuko wapi? Fundi yuko nje, anachomelea."

Nilisimama na bomba mkononi. Nyumba yangu ina vyumba vitatu vya kulala. Cha mama. Chetu, na ili kisiwe kitupu lazima mke wangu akakae ndani yake. Cha watoto. Nilihesabu nikarudia kuhesabu, kana kwamba kuna ukuta niliousahau.

Mke wangu alikuwa ameelewa. Sikumgeukia, lakini nilimsikia akirudi nyuma, hatua moja, ya pili, mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Hakulia. Aliushika tu ule mlango kwa mikono yote miwili.

Hhhii... hhhii...

Ndani ya filimbi kukawa na neno.

"Mwanangu..."

Nikapiga magoti mbele ya grili. Niliweka mashavu yangu kwenye vyuma, bado vya moto, na sikusikia maumivu. "Nipo, mama. Nipo hapa."

"Kuna giza... Nakosa hewa."

"Nakutoa, mama. Vumilia, nakutoa."

Halafu, taratibu, kwa sauti yake ileile ya kila siku:

"Watoto wamelala?"

Sikupumua. Mke wangu alisikia, kwa sababu mlango ulibamizwa na komeo likaingia kwa ndani. Nilibaki nje na yule mama na gari lake.

Nimempenda mama yangu kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nilimpenda hata pale, nimepiga magoti, uso unaungua. Nikasimama, nikafungua geti, nikasema, "Nenda nayo."

"Una hakika?"

"Nenda nayo."

Gari lilitoka kinyumenyume bila kulia. Grili ilinitazama njia nzima. Filimbi ikawa inaniita, inakatika, inaniita, mpaka kona ikaimeza. Nilipoingia chumbani kidole cha mama kilikuwa kimelegea. Mke wangu alishamfumba macho.

Tukazika. Watu walinipa pole, wakasema angalau amepumzika, kifua kile kilimtesa sana. Nikaitikia. Nilishaziba dirisha lake kwa matofali, na la kwetu, na la watoto, kila moja. Tunalala na joto kama tumo ndani ya chungu. Mke wangu hajaniambia neno juu ya jioni ile. Nikimuuliza alivyolielewa lile swali la mama kuhusu watoto, kama lilikuwa swali la bibi anayependa wajukuu wake au la mtu anayenionyesha chumba, ananijibu kwamba hakusikia kitu.

Ila lile gari halijaenda mbali. Jioni nyingine, giza linapoanza kushika, huwa linapita barabarani, polepole, upande wa chumba cha watoto. Mimi huwa nasikia filimbi tu. Pumzi inayotafuta hewa na haifi.

Jana lilisimama.

Nilikuwa chumbani kwa watoto, nawafunika. Filimbi ilikuja mpaka nje ya matofali, ikatulia pale. Sikusikia neno lolote. Lakini binti yangu mdogo alifumbua macho, akageukia ukuta, akaitika kwa adabu kama tulivyomfundisha.

"Bado, bibi."