Kitufe cha Kiti cha Arobaini na Saba

Harufu ilianza asubuhi ya kwanza kabisa. Marlys Tvedt alivuta droo ya meza yake mpya bungeni, kiti cha arobaini na saba, akapigwa na moshi wa sigara nene, mzito, wa sasa hivi, ilhali mle ukumbini hakujavutwa sigara tangu niajiriwe ukarani, na nimezeekea mle.

Ndani ya droo palikuwa na majina manne. Ndiyo desturi ya bunge letu la jimbo: ukipewa meza, unaandika jina lako ndani ya droo. Wote wanne walitoka pale wakaenda jela. Marlys alikuwa nesi wa shule kule Pell Creek, ambako maji ya bomba hutoka rangi ya chai na watoto huumwa, na alichaguliwa kwa ahadi moja tu: mabomba mapya. Akaifunga droo. Akasema jina lake haliandikwi humo ng'o.

Jirani yake, mzee Wendell Stroud, akacheka, kisha akanyanyuka na kikombe chake.

"Dada nesi, nibonyezee. Nafuata kahawa."

Marlys akanyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kura cha mwenzake, taa ikawaka kijani: ndiyo. Kanuni inakataza, lakini mle ndani kila mtu humbonyezea mwenzake, na mimi nilikuwa naona na kunyamaza. Kufikia Aprili alikwisha kumbonyezea mara arobaini.

Kadiri alivyobonyeza ndivyo harufu ilivyozidi. Ikamganda nyweleni, ikalala naye kwenye mto wa kitanda chake, kisha ikaja sauti, nyororo, ya mtu mwenye adabu zake, ikitokea ndani ya droo iliyofungwa, ikimwambia nibonyezee, nibonyezee na mimi, mpaka akawa anakaa kaweka magoti upande kama anayeogopa kuumwa na mbwa, na huku anatabasamu kwa sababu kamera zipo.

Siku ya mswada wa mabomba ilipofika, kampuni moja ilikuwa imeshauchokonoa: mabomba ya zamani yabaki, yapakwe dawa ya kampuni hiyo tu. Marlys alijiapiza kuukataa. Kura ilipoitwa, ule moshi ukamzidi, akakimbilia chooni. Aliporudi, jina lake ubaoni lilikuwa kijani. Mswada ulipita kwa kura moja. Jumla niliisoma mimi.

"Wendell, umenibonyezea?"

"Mimi? Ndiyo kwanza narudi, kahawa hii hapa." Uso ukamsawijika. "Marlys, hapa hapakuwa na mtu."

Marlys angeweza kusimama na kuomba rekodi irekebishwe. Lakini wangemuuliza inakuwaje kura ya asiyekuwepo ipigwe, na zile arobaini za Wendell zingetoka hadharani. Akakaa. Hapo ndipo alipoharibu, na moyo wangu unauma mpaka leo. Wiki iliyofuata mafundi wa kampuni wakaezeka upya paa la mama yake bila kuombwa, naye hakuwazuia. Mwezi uliofuata wakaja wapelelezi.

Marlys alimwita Mchungaji Leland Voss, anayefungua vikao vyetu kwa sala. Ilikuwa mchana, ukumbi mtupu, jua limejaa madirishani. Mchungaji akatia mkono drooni, akautoa una wino mbichi. Jina la tano lilikuwa la Marlys, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Umeandika lini?"

"Sijaandika. Mchungaji, kitoe hiki kitu humu. Nakuomba."

Mchungaji alijifuta vidole. Akasema kwa sauti ya chini, "Nimeomba humu miaka kumi na tisa. Kila asubuhi wanaoitikia amina ni wengi kuliko waliokaa. Sijui nianze na yupi."

Marlys alihukumiwa miaka mitatu jela kwa hongo ya paa lile. Pell Creek maji bado ni rangi ya chai, na paa la mama yake halivuji. Kiti chake ni kitupu, uchaguzi mdogo ni Novemba.

Jana wabunge walipiga kura, na ubaoni kiti cha arobaini na saba kikawaka kijani. Wote wakainamia karatasi zao. Moshi ulifika mpaka mezani kwangu. Nikasoma jumla, na kura ile nikaihesabu.